Kanga Iliyosomeka Kuwili

Ninyi mliobaki kwenye vyerehani pale ushirikani mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nani alipandishwa cheo, nani alikuwa mwenyekiti, wala posho ilikuwa kiasi gani. Mkiyataka hayo, waulizeni waliokuwa wakiyagombania. Mimi nitaandika nguo, na hasa nguo za zamani, maana naona mnashangaa mteja anapokuja na picha ya mama yake na kunitaja mimi, "Fundi Tausi alikuwa anaweza kushona gauni kama hili, na wewe je?" Msishangae. Nguo haifi. Huingia sandukuni ikalala, na ikichoka kulala huamka na kudai kuwa ni mpya.

Nilianzia kwenye baraza ya duka la vitambaa, Lindi mjini, chini ya Mzee Mfaume, fundi aliyekuja kutoka Kilwa Masoko na cherehani yake ya mkono kichwani. Mwanamke kukaa barazani akashona nguo za watu baki lilikuwa jambo la kusemwa, na lilisemwa. Mzee Mfaume aliwajibu wasemaji mara moja tu: "Huyu nimempa sindano, sikumpelekea posa." Basi, wakatafuta mwingine wa kumsema.

Ukweli ni kwamba siku ya kwanza hata hiyo sindano hakunipa. Alinipa mkebe wa pini akaniambia nizihesabu. Nikahesabu, nikamtajia. Akasema, "Hesabu tena." Nikahesabu tena, ikatoka idadi nyingine. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, pini haipotei. Imo ndani ya nguo ya mtu, inamngoja akae."

Tangu siku hiyo kila kitu nakihesabu mara mbili. Vifungo, mikunjo, wageni, hata chenji ya watu ninaowaamini. Ninaowaamini ndio ninaowahesabia polepole zaidi.

Somo la pili lilikuwa mkasi. Mzee Mfaume alikuwa na mkasi mzito wa chuma cheusi, na hakuruhusu ukate hata uzi. Alisema, "Mshono ukikosea unafumua. Mkasi hauna kufumua." Nilikaa muda mrefu napiga pasi ya mkaa, napinda kanga na kushikiza vifungo kabla sijaruhusiwa kukata kitambaa kipya. Siku aliponiruhusu, ilikuwa marekani nyeupe ya kanzu ya mtoto, alisimama nyuma yangu kama askari wa forodha. Nilipomaliza akaipima, akaipima tena, akasema, "Mtoto atakua." Hiyo kwake ilikuwa sifa.

Uhuru ulipokuja tulishona mpaka vidole vikafa ganzi. Kila mtu alitaka rangi za bendera. Kitambaa cha kijani kikaisha madukani, wakaja watu na njano iliyokolea wakasema fundi, kwa mbali ni kijani. Nikawashonea. Kwa mbali ilikuwa njano. Lakini siku ile hakuna aliyeangalia kwa mbali wala kwa karibu, watu walikuwa wanacheza.

Kisha ukaja ushirika. Mafundi wa barazani tukaambiwa tuungane, tukaungana, vyerehani vikaingia chumba kimoja na kelele zake. Mzee Mfaume alikaa nasi muda mfupi, macho yakamchoka, akarudi Kilwa Masoko na kuniachia ule mkasi. Nao vijana wakaja na mambo yao. Kwanza suruali za kubana, mtu akivua anahitaji msaidizi. Zikapigwa marufuku, wakazileta nizipanue. Nikazifumua pembeni na kutia vipande kuanzia gotini kwenda chini, kwa kuwa huko ndiko kitambaa kilikotosha. Zikatoka pana chini, nyembamba juu. Mzee mmoja mstaafu wa bandarini alipoziona akasema, "Hizi mbona ndizo tulizokuwa tunavaa sisi?" Siku ya pili akaja na zake tatu zilizokuwa sandukuni, na vijana wakagombania kuzinunua. Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Kumbe nilikuwa natafuta mtindo mbele, na mtindo uko nyuma umekunjwa.

Ikaja miaka ambayo vitambaa vilikuwa vigumu kupatikana. Kanga mpya ilipofika duka la ushirika, habari ilitangulia gari. Doti moja, foleni ya mtaa mzima. Na harusi hazisubiri gari. Wanawake wakaanza kufungua masanduku ya mama zao, na ndani wakakuta vitu vya maana: kanga nzito za pamba, rangi iliyoingia mpaka ndani, pindo za korosho na maua ambayo kiwanda kilikuwa kimeshayasahau. Wasichana waliokuwa wakizicheka wakaanza kuziazima. Kisha wakaacha kuziazima, wakaanza kuzitaka. Ndani ya msimu mmoja wa korosho, kuvaa "ya bibi" ikawa ndiyo fahari, na aliyevaa mpya akaonekana hana ukoo.

Mimi nilikuwa mfanyabiashara kabla sijawa fundi. Mama yangu alinizaa katikati ya kupatana bei. Nikaanza kuzifuata nguo hizo mashambani. Nilikuwa nabeba magauni mapya niliyoyashona kwa vipande na mabaki, nabadilishana na doti kuukuu. Nakumbuka bibi mmoja wa Tingi, amekaa anabangua korosho, mikono imepakwa majivu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kununua au kusalimia?"

"Yote mawili, bibi."

"Anza na kununua. Salamu haziozi."

Nikamwonyesha gauni. Akaligeuza nje ndani, akavuta mshono kwa kucha, akanitazama. "Umeshona vizuri. Kwa nini unaniletea mimi nguo ya msichana, unanichukulia nguo ya msichana?" Maana kanga aliyoitoa ilikuwa ya ujana wake. Nikamwongezea kitambaa cha kichwa. Akalichukua gauni, akakichukua na kitambaa, na kanga akasema nirudi kesho, anataka kulala nayo mara ya mwisho. Nikarudi kesho. Alikuwa ameamua kutoiuza, na gauni ameshalivaa. Huyo bibi angekuwa mjini, duka lingekuwa lake.

Sikilizeni namna ya kuangalia nguo kuukuu, maana naona mnazinunua kwa macho ya mapenzi. Usiangalie rangi, angalia mikunjo. Nguo iliyokaa sandukuni miaka huoza kwenye mkunjo kwanza. Ishike kwenye mwanga, mstari ukipitisha jua, hiyo imekwisha, ni ya kujazia mto. Usiivute, ipulizie pumzi, ikilegea kama ngozi ni nzima, ikibaki ngumu ina wanga wa zamani na wadudu wake. Loweka kwenye maji ya chumvi kabla ya sabuni, anika kivulini. Na muuzaji akisema haijavaliwa, inuse ndani ya pindo, ndilo kwapa lake.

Katibu wetu wa ushirika hakuipenda biashara hiyo. Akaniita ofisini. "Ndugu Tausi, tunajenga taifa jipya, wewe unazungusha masanduku ya mabibi."

Nikamwambia, "Ndugu katibu, taifa jipya litakaa uchi mpaka gari lifike?"

Wiki iliyofuata mke wake alikuja, akachagua ya pindo jekundu.

Sasa nije kwenye shauri lililonifundisha kuliko yote. Kanga za zamani sana, jina lake, yaani yale maneno yanayoandikwa chini ya mji, ile sehemu ya katikati, liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maneno ni Kiswahili, herufi ni za chuo cha Kurani. Wasichana wa mtindo mpya walipoona herufi hizo wakadhani ni dua. Wakawa wanazibusu, hawazikalii. Kule Rondo nyumba moja ilitundika kanga ya namna hiyo ukutani juu ya kitanda. Maalimu alipokuja kusoma hitima akaitazama muda mrefu, akauliza kwa adabu ni chungu gani. Ilikuwa imeandikwa: Jirani, chungu changu kirudi.

Lakini hata kwa anayejua, herufi zile zina mtego. Waandishi wa zamani walikuwa wabanifu. Herufi moja waliibebesha sh, na hiyo hiyo wakaibebesha ch. Herufi ya b ilikuwa b, na mara ikawa mb. Msomaji anachagua mwenyewe kwa kadiri ya maana, na maana, kama mnavyojua, kila mtu huja na yake.

Zuhura alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mtaa wa Mtanda, amelelewa na bibi yake. Bibi alipofariki alimwachia doti moja ya herufi za kale, nyekundu na nyeusi, haijakatwa katikati wala kupindwa. Bibi aliiweka kwa siku ya furaha, na furaha yake ilikuwa ya kubagua. Zuhura alipochumbiwa na kijana wa Kilwa Kivinje akaniletea. "Dada Tausi, nataka niingie nayo kwa mkwe wangu. Sitaki mpya hata wakinipa bure." Nikaikagua mikunjo mara mbili. Ilikuwa nzima kama jana. Nikailoweka, nikaipiga pasi, nikamwahidi kuipeleka siku ya begi na kuikata mbele yake, ajue hakuna uzi wake uliobaki kwangu.

Siku ya begi ni siku wanawake wa upande wa bwana harusi wanapoleta nguo za bibi harusi. Walikuja wakiongozwa na mama wa kijana, Bi Mwanakombo, mwanamke mrefu mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa. Yeye tulikuwa tumeshamjua. Wakati wa posa alikuja Mtanda akauliza babu wa Zuhura alitoka wapi, mikorosho ni ya nani, dada mkubwa aliachika kwa nini. Alipokwisha kuuliza akaingia jikoni akafunua chungu. Watu wa Mtanda walicheka wiki nzima, na mwenyewe alijua walicheka.

Begi likafunguliwa, vigelegele vikapigwa, kila nguo ikasifiwa hata isiyostahili. Kisha Zuhura akatoa doti ya bibi yake, akaitandika mapajani kwa mkwewe.

"Nitaingia na hii kwako, mama."

Bi Mwanakombo akaisogeza karibu na macho. Midomo ikawa inacheza kama mtoto wa chuoni. "Ajaye... kwangu..." Akasimama hapo. Akarudia tangu mwanzo, na safari hii tulisikia wote: "Ajaye kwangu huchimba."

Kwenye kona shangazi mmoja alikumbuka ule uchimbaji wa siku ya posa, akacheka, akajifanya anakohoa. Hakumdanganya mtu.

"Nimechimba nini?" akauliza Bi Mwanakombo. Alimwuliza Zuhura, lakini chumba kizima kiliangalia chini.

"Mama, si huchimba! Ni hushiba. Ajaye kwangu hushiba. Ni ukarimu, mama."

"Nani kakusomea?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Nami nimesoma mwenyewe. Bakora za chuoni tumepigwa wote, ila zangu zilikuwa nyingi." Akanigeukia. "Fundi, wewe umekaa nayo. Inasema nini?"

Nikaitazama, nikaitazama tena. Herufi ni zile zile. Ningesema hushiba ningeonekana nimenunuliwa, ningesema huchimba ningemuua msichana. "Inasema yote mawili, mama," nikasema.

"Kanga haina midomo miwili."

"Hii ni doti, mama. Inayo miwili."

Hakucheka. Akaisukuma kanga magotini. "Basi kata jina hilo. Likatwe, libaki pindo tupu, nami nitasahau. Ama begi langu linarudi Kivinje leo hii, na mwanangu pamoja nalo."

Mwanawe alikuwa nje barazani na wenzake, anasikia kila neno na hana ruhusa ya kuingia. Zuhura akaikumbatia kanga. "Jina la bibi yangu halikatwi." Mama yake mzazi akamvuta mkono, akamnong'oneza, yeye akatikisa kichwa. Aliyekuwa ameshika mkasi ni mimi, na wote wawili walikuwa wananitazama mimi, mmoja nikate, mwingine nisikate.

Nikainuka nikamwomba Bi Mwanakombo tutoke uani. Akaja, labda kwa kuwa alitaka hewa.

"Mama, tufanye biashara."

"Sina biashara na mtu."

"Nisikilize tu, kusikiliza bure. Nikikata jina, kesho watu wataona kanga imenyolewa. Mtanda nzima itauliza palikuwa pameandikwa nini, na yule aliyekohoa atawaeleza. Maneno yakiwepo, watayasoma wenye chuo. Yakikatwa, atayasoma kila mtu."

Akanitazama mimi, kisha akautazama mkasi. "Sasa unataka nini?"

Vijana, mteja akifika kwenye swali hilo, funga mdomo uhesabu mpaka tano, kwa maana tayari amekaa kupatana bei. Nikahesabu. Nikamwambia, "Doti haijakatwa katikati. Upande mmoja avae Zuhura, upande mmoja uvae wewe. Kanga ya mafumbo huvaliwa na mtu mmoja kumwelekea mwingine. Ikivaliwa na wote wawili, fumbo litamwelekea nani? Itakuwa sare."

"Unanivika tusi langu mwenyewe."

"Na nani atathubutu kusema ni tusi, umelivaa mwenyewe?"

Akafikiri. Kuku akapita katikati yetu, akamfukuza kwa mguu bila kumtazama. "Wakiniuliza inasema nini?"

"Wewe ndiye uliyepigwa bakora nyingi, mama. Wewe ndiye utakayewasomea."

Hapo akaanza kupatana, nami nikajua tumemaliza. Pindo lishonwe kwa mkono, hataki la cherehani. Nikakubali. Upande wake uwe ule wa kulia, ambao rangi imekolea. Rangi ilikuwa sawa pande zote, nikakubali kwa kusitasita ili aone amepata. Na la mwisho: "Anipe yeye kwa mkono wake. Asije mtu akasema nimeomba."

Hilo halikuwa langu kukubali. Tukarudi ndani, nikamweleza Zuhura sikioni. Akapitisha kidole juu ya lile jina. Lilikuwa jambo zito. Alichokuwa nacho cha bibi yake ni hicho tu, na tulikuwa tunamwomba nusu ampe aliyetaka kukikata ulimi.

"Bibi hakuivaa hata siku moja," akasema. "Bora nusu ivaliwe kuliko nzima ilale."

Akashika ncha moja, akamnyooshea mkwewe nyingine. Bi Mwanakombo akaipokea. Wakaivuta ikanyooka hewani, nami nikapitisha mkasi wa Mzee Mfaume katikati yao. Vigelegele vilipopigwa, shangazi wa kona ndiye aliyeanza.

Usiku ule ule nikapinda pande zote mbili kwa mkono. Siku ya harusi Zuhura akaingia Kivinje na upande wake, na mlangoni alipokewa na upande wa pili. Jirani mmoja akauliza, "Mwanakombo, imeandikwaje hiyo?" Akajibu bila kugeuka, "Ajaye kwangu hushiba. Hukusoma chuo?" Tukaketi kula. Akaja mwenyewe akanijazia sahani pilau, akainama sikioni kwangu. "Kula, fundi. Ila usichimbe."

Baada ya hapo wakwe walianza kuja ushirikani wawili wawili, wanataka doti ya kale wagawane. Mtindo ukashika pwani nzima mpaka nilipokosa za kununua. Watu wakanisifu nimebuni. Sikubuni kitu, nilikuwa natafuta njia ya kutoka kwenye chumba kile na mkasi wangu.

Lakini mimi sifa za harusi huzihesabu mara mbili kama pini. Siku ya kwanza kila mkwe ni mzuri. Ikapita miaka, siku moja Bi Mwanakombo akaingia ushirikani na furushi, amekuja Lindi hospitali kumwona mgonjwa. Akafungua mezani kwangu vipande vyote viwili. Mapindo yamefumuka, anataka yapindwe upya, na bei anataka ya zamani.

Nikavipeleka dirishani, kimoja baada ya kingine, kisha tena. Vilikuwa vimepauka sawasawa, vimechanika pembeni sawasawa, vina moshi wa jiko moja na sabuni moja. Mimi niliyevikata sikuweza kusema kipi kilikwenda kwa nani.

"Kipi chako, mama, nikitie alama?"

"Usitie alama," akasema Bi Mwanakombo. "Anayeamka kwanza ndiye huvaa kilicho kambani."